Kete 64 kwa Mkono Mmoja

Kete zilikuwa tayari kabla ubao haujapatikana. Mtu akiagiza bao, fikra zake kwa kawaida hukimbilia ubao: ni mti gani, urefu wake kiasi gani, pembeni pawekwe nakshi au paachwe patupu. Kete huonekana ni jambo la mwisho, la kuokoteza. Fundi niliyemwendea Mbaha, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa kati ya Lituhi na Liuli, hafuati utaratibu huo. Baada ya shikamoo na habari za safari aliniuliza jambo moja tu: "Atakayelicheza ni nani?"

Nikamweleza kwamba ni mjomba wangu, mkulima wa kahawa huko Mbinga, ambaye vidole vimeanza kumkaza. Mbinga iko juu, katika milima ya Umatengo, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake haimhurumii mtu mzima. Mjomba amecheza bao tangu ujana wake na hesabu haijampungukia. Bado anauona mtaji wa raundi mbili kabla mwenzake hajaamua aanzie wapi. Kinachomwangusha ni mkono. Kete zinamponyoka katikati ya mchezo, na wenzake kwa heshima hujifanya hawajaona, mpaka ubishi uzuke kwamba ile iliyodondoka ilikuwa ya shimo gani.

"Basi niletee mkono wake, mwanangu," fundi akasema.

Mkono uliletwa kwa simu. Binamu yangu aliulaza mkono wa mzee mezani, akaweka sarafu ya shilingi 200 pembeni yake, akapiga picha. Fundi alitoa sarafu ya aina hiyohiyo mfukoni, akailinganisha na ile ya kwenye kioo, akapiga hesabu zake kwa penseli ya seremala, kisha akakichora kiganja cha mjomba kwa ukubwa wake halisi kwenye kipande cha boksi. Boksi hilo alilipachika ukutani juu ya benchi, na kila alipotaka kuamua jambo alilitazama.

Msomaji anayelijua bao la Kiswahili anajua kwa nini. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64, kila mchezaji na 32 zake. Mchezo ukianza, kila upande una kete 6 kwenye nyumba na kete mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zilizobaki, 22, ni za kunamua, moja kwa kila zamu. Nyumba inakaa inanenepa. Wengine wanailaza, wengine wanaipania, lakini siku ikisafiri inasafiri yote: mchezaji huzichota kete kumi na kitu kwa mkono mmoja na kuzigawa mojamoja, shimo baada ya shimo, bila kusita na bila kuweka nyingine chini ili apumzike. Mkono unaoshindwa kuimeza nyumba nzima unaharibu mchezo hata kama kichwa kiko sawa. Kwa hiyo kipimo cha kete kinatoka hapo, kwenye safari ya nyumba. Kete ikiwa kubwa, nane tu zimejaza kiganja na ya tisa inachungulia nje. Ikiwa ndogo mno, kiganja kinabeba zote, ila kidole gumba kikienda kusukuma moja kinasukuma mbili.

Kwa kijana mwenye vidole vyepesi nafasi kati ya hayo mawili ni pana. Kwa mjomba ni finyu sana. Vidole vilivyokaza vinataka kitu kikubwa cha kushika, na kiganja kisichojikunja vizuri kinataka vitu vidogo vya kubeba. Mahitaji hayo yanavutana, na kati ya mafundi wote wa mbao niliowahi kukaa nao sijaona aliyelichukulia jambo dogo namna hii kwa uzito namna ile.

Mwambao wa Nyasa hauna shida ya vijiwe. Mahali vijito vinaposhuka kutoka milimani na kuingia ziwani, maji yamekuwa yakiviringisha mawe tangu enzi, na mtoto yeyote anaweza kujaza kofia kwa vijiwe vya mviringo katika muda wa kuchemsha chai. Watoto wenyewe wanachimba mashimo mchangani na kucheza hivyohivyo. Fundi hakuvitaka. Jiwe ni zito, kete 15 za mawe mkononi mwa mzee zinachosha kabla mchezo haujakolea. Jiwe linagonga kingo za mashimo na baada ya miaka michache ubao unakuwa na makovu. Tena jiwe linahifadhi baridi. "Ukimpa babu wa Mbinga mawe mwezi wa saba," aliniambia, "umempa barafu."

Akataka komwe. Mkomwe ni mti wa pwani wa kutambaa, wenye miiba kila mahali, hata maganda ya matunda yake yana miiba. Ndani yake mna mbegu chache za rangi ya kijivu, ngumu ajabu, laini kwa nje, ukubwa wake kati ya sentimita moja na nusu na mbili. Mbegu hizi huelea. Mawimbi huzichukua mbali sana, hata pwani za visiwa vya Uskoti zimeokotwa na kuvaliwa kama hirizi. Kwetu zimekuwa kete tangu zamani, na bao la Unguja au la Lamu huwezi kulifikiria bila mlio wake. Nililetewa mfuko kutoka Kilwa, mfuko wa sukari wa kilo tano uliojaa mpaka shingoni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupata komwe nyingi ni mwanzo tu wa kupata kete 64.

Fundi alikuwa na kipande cha bati la kopo chenye matundu mawili, moja kubwa kidogo kuliko jingine. Komwe isiyopita kwenye tundu kubwa ilikuwa nene mno. Iliyopita kwenye tundu dogo ilikuwa nyembamba mno. Ilitakiwa ile inayopita la kwanza na kukwama kwenye la pili. Matundu hayo aliyatoboa kwa kufuata kiganja kwenye boksi, hayakuwa kipimo cha kila mteja. Alikaa kwenye mkeka kibarazani, mfuko kushoto, na mbele yake marundo matatu yanayokua. Tik, inapita. Tik, inakwama. Zilizokwama hakuziamini bado. Alizigeuzageuza moja baada ya nyingine, akaondoa zilizobonyea upande mmoja, zenye ufa mwembamba, zenye doa jeusi, na zile zilizo nyepesi kuliko zinavyoonekana, kwa sababu komwe nyepesi imekauka ndani na siku moja itapasuka mkononi. Mfuko mzima wa kilo tano ulitoa rundo lisilojaza bakuli.

Hilo doa jeusi ndilo lililonifanya niulize. Komwe ilikuwa nzuri, nzima, na doa lenyewe dogo kama kichwa cha pini. Kwa nini iondolewe?

Jibu lake ndilo kiini cha ufundi huu, na limenibadilisha namna ninavyoitazama michezo mingine. Kete ya bao haina mwenyewe. Sasa hivi iko kwangu, ukinila inakuwa yako, nami nikikula kesho inarudi. Inamtumikia yeyote ambaye shimo lake imeangukia. Thamani yake ni moja, sawa na ya wenzake 63, na yote yanayohesabika ni mahali ilipo na idadi ya ilio nao. Mchezaji akiweza kuitambua kete mojawapo kwa doa, jicho lake litaifuata, na wazo lake litaifuata jicho. Atajua nyumba ya mwenzake imepokea ngapi bila kuhesabu, kwa sababu ile yenye doa ilipita. Kazi ya mtengeneza kete za bao, basi, ni kufuta tofauti. Anatafuta kete 64 ambazo hata yeye aliyezichagua hawezi kuzitofautisha.

Angalia sasa wanavyofanya wengine. Chipu za poka, zile zinazotumika kwenye kasino, zimetengenezwa kwa lengo lililo kinyume kabisa. Pale kila chipu ina bei, na bei hiyo lazima isomeke haraka, usiku, mezani pamejaa watu, hata kwa kamera iliyoning'inia darini. Ndiyo maana kila thamani ina rangi yake, na kwenye ukingo kuna mabaka ya rangi nyingine yanayozunguka, ili zikirundikwa bado uone kwa ubavu kama kuna moja ya rangi ngeni imejipenyeza katikati. Kipenyo chake kimezoeleka kuwa milimita 39, na zile za kasino zenye asili ya udongo huwa na gramu 8 na nusu hadi 10 hivi. Wapo watu huko Marekani na Ulaya wanaojichorea seti zao wenyewe: wanachagua rangi, wanapanga mabaka, wanaweka nembo katikati, wanaagiza sampuli, wanazigonganisha sikioni kusikia zinavyolia, wanarudisha, wanaanza upya. Nawaheshimu. Uvumilivu wao na wa yule mzee wa kibarazani ni ndugu, ingawa mmoja anahangaika ili kila kipande kijitangaze na mwingine anahangaika ili kisijitangaze.

Kati ya hao wawili lipo drafti la mtaani kwetu, ambalo nalipenda kwa werevu wake. Kila upande una kete 12, na kete zenyewe ni vizibo vya soda. Mmoja anacheza na vizibo vilivyolala kifudifudi, mwingine na vilivyolala chali. Ikipatikana kingi, kizibo kinapandishwa juu ya kingine. Hakuna aliyepaka rangi wala kununua kitu. Kizibo hicho cha chuma kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, akapewa hataza mwaka 1892, wakati huo kikiwa na meno 24. Cha leo kina 21. Hakukusudia kutengeneza kete, lakini kila duka la vinywaji Afrika Mashariki limekuwa kiwanda chake cha kete, na mchoro wa mchezo unategemea jambo moja tu alilolifanya: kizibo kina juu na chini.

Halafu wapo Wajapani na mchezo wao wa Go. Kete zao za kifahari ni za mawe meusi na za kome weupe, nyeusi 181 na nyeupe 180, na zinafanana sana katika umbo. Zinafanana kwa macho. Kwa kipimo, nyeusi zina milimita 22.2 na nyeupe 21.9. Rangi nyeupe humfanya mtazamaji aione kete kuwa kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo fundi huipunguza ili pande mbili zionekane sawa. Sehemu tatu za kumi za milimita! Nilipomsimulia fundi wa Mbaha habari hiyo aliacha kuchonga, akainyamazia, kisha akaniomba niirudie taratibu. Hakuna hadithi nyingine niliyompelekea iliyompendeza kiasi hicho.

Komwe 64 zilipopatikana bado hazikuwa tayari. Komwe inateleza, mng'ao wake ndio uzuri wake dukani na ndio adui wa mzee mwenye vidole vigumu. Fundi alizitia kwenye mfuko wa turubai pamoja na mchanga mkavu wa ufukweni, akaufunga, na akawapa wajukuu zake kazi ya kuutikisa kila jioni walipotoka shule. Ngozi ya komwe haikubali kushindwa haraka. Wiki zilipita. Kila mara akitoa moja, akiisugua kwa gumba, akiirudisha. Alichokuwa anangoja ni hali ambayo siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivi: mng'ao uliondoka lakini ulaini ukabaki. Ukiiweka kete hiyo kwenye ncha ya kidole na kukiinamisha kidole kidogo, inakaa. Ile ya mfukoni, isiyotikiswa, inaanguka.

Sasa ubao.

Mbaha na vijiji vyote vya ufuko huu ni vya watu wa mtumbwi. Mtumbwi wa Nyasa wa kuchonga gogo una namna yake: mdomo wa juu ni mwembamba, tumbo ni pana, na mpiga kasia hukaa juu ya kingo badala ya kuzama ndani. Anayeuchonga anaingiza tezo kwenye ufa mwembamba na kula mti kule chini asikoona vizuri, huku akijua ubavu umebaki unene gani. Anagonga kwa nje na kusikiliza. Fundi wangu alianza maisha akichonga mitumbwi pamoja na baba yake, na bao zake nazo zinatoka kwenye mitumbwi: mtumbwi ukichoka, ukipasuka ubavu, sehemu ya mbele na ya nyuma ambako gogo liliachwa nene hubaki nzima. Anainunua kabla haijawa kuni za kukaushia dagaa.

Kipande cha mjomba kilikuwa mninga. Watu wa kusini hawahitaji kuelezwa mninga. Ukiukata ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ukishakauka hautaki tena kujikunja wala kupanuka, jambo ambalo maseremala wanalipenda kuliko hata rangi yake. Kwa bao hilo ni muhimu. Ubao mpana wenye mashimo 32 upande mmoja na kifua kitupu upande mwingine una kila sababu ya kupinda, na bao lililopinda linayumba mezani kila kete inapoangushwa. Mpingo ungekuwa mzito na haupatikani kwa upana huo. Mwembe ni rahisi na unachongeka, ila bungua nao wanaupenda. Mninga wa msituni leo una vibali na gharama zake kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na ni haki iwe hivyo. Huu ulikuwa umeshakatwa miaka mingi, ukalowa, ukakauka, ukalowa tena, na kama ulikuwa na nia ya kupasuka ungekuwa umeshapasuka.

Aliulalia kwa randa hadi ukawa tambarare, akauacha. Siku nyingine akachora safu nne kwa uzi uliopakwa mkaa. Hakutumia rula kupanga umbali wa mashimo. Alitumia kete. Aliziweka kete sita kwa kukaribiana, akachora duara kuzizunguka, na hilo likawa shimo. Kete sita zinalala sakafuni bila kupandana, hivyo mchezaji akitupa jicho anazijua ni ngapi. Zikizidi hapo zinaanza kupandana na jicho linakisia. Ni sawa, ndivyo mchezo unavyotaka, mwenye kumbukumbu apate faida yake. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mabingwa wa bao wa Unguja na kuandika tasnifu juu yao mwaka 1995, alishughulishwa hasa na kipaji hicho cha kubeba bao kichwani. Lakini kipaji kinahitaji shimo lenye adabu. Shimo finyu linaficha hata kete nne.

Kisha shimo lenyewe. Hapa niliketi na kutazama tu, maana hapakuwa na la kuuliza. Alianza na patasi ya mviringo na nyundo ya mti, akitoa vipande vinene katikati, halafu akashika tezo dogo ambalo mpini wake umechakaa kufuata vidole vyake. Ukuta wa shimo la kawaida hushuka wima kiasi kisha unajipinda. Hili alilifanya tofauti upande mmoja. Upande unaomwelekea mchezaji aliulaza, ukawa mteremko wa polepole kutoka sakafuni hadi ukingoni, ili mjomba asihitaji kubana kete kwa ncha za vidole. Ataingiza vidole vinne vilivyonyooka, atavuta kuja kwake, na kete zitapanda mteremko zenyewe na kumwagikia kiganjani. Nilijaribu. Nilikunja vidole kidogo tu, kama mjomba, nikavuta, na kete zikaja zote.

Upande wa mpinzani aliuchonga vivyo hivyo kwa kumwelekea mpinzani, kwa sababu mpinzani wa mjomba naye ni mzee.

Nyumba ilichukua muda kuliko mashimo mengine yoyote. Nyumba ni ya mraba, ndivyo inavyotambulika: shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji. Mraba una pembe, na pembe ni mahali pa kete kujificha. Nimewahi kuona bao ambazo mchezaji akisafirisha nyumba anaacha moja nyuma bila kujua, kisha raundi nzima inabishaniwa. Fundi alichonga mdomo wa mraba uliokatika vizuri, pembe kali za kupendeza, na kadiri ulivyoshuka pembe zikawa zinalainika, mpaka chini sakafu ikawa ya duara kama mashimo mengine. Ukiiangalia kwa juu unaona mraba. Ukiingiza vidole hukuti pembe hata moja. Mpito kati ya hayo mawili hauonekani ulipoanzia. Alikuwa akipitisha kidole cha shahada, akisimama, akikwaruza unga wa mti usiotosha kujaza ukucha, akipitisha tena. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani yeye akiwa kwenye pembe ya tatu.

Alipomaliza alisugua ubao wote kwa msasa wa dukani, kisha kwa majani ya msasa wa porini, ambayo anasema yanafika mahali karatasi haifiki, kisha akapaka mafuta kidogo kwa kitambaa. Nakshi hakuweka. Nilikuwa nimependekeza mchoro wa samaki pembeni, mbelele au mbasa, kwa heshima ya ziwa. Alinijibu kwa upole kwamba mkono wa mjomba utapumzika pembeni hapo kati ya zamu na zamu, na mkono haupumziki juu ya magamba. Badala yake alichimba kisima kirefu kila ncha ya ubao, cha kutosha kete 22 za kunamua, chenye mteremko uleule.

Ni rahisi kusahau kwamba mchezo huu ulipita hapahapa ukielekea bara. Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Kilwa zilifika kwenye ziwa hili na kuvuka kwa majahazi hadi Nkhotakota, ambako Jumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani, aliweka makao yake miaka ya 1840. Leo bao linachezwa pande zote mbili za maji. Malawi wanaliita bawo na wana mabingwa wa kuogopwa. Njia hizohizo zilibeba watu waliofungwa minyororo, na zilibeba pembe. Pembe nyingi zilizopitia Zanzibar ziliishia Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vifunguo vya piano na vitana. Huko Marekani, karne hiyohiyo, chipu za poka za watu wenye uwezo nazo zilichongwa kwa pembe za ndovu. Sijui namna ya kuyatazama mambo hayo kwa utulivu. Ndovu wa bara, mabega ya watu waliotekwa, na mwisho wake kijiduara cheupe mezani. Kete za mjomba zimesafiri njia hiyohiyo kutoka Kilwa, kwenye basi, ndani ya mfuko wa sukari, na hakuna aliyeumia.

Kabla ya kulifunga bao, fundi alilipeleka chini ya mwembe wanakokaa wazee wa kijiji jioni, wakati mitumbwi inasubiri giza ili itoke na taa kwenda kuvua. Hakuwaambia lolote. Wakacheza. Mzee mmoja, tangu mchezo wa kwanza, alikuwa akisita kila akipita kimbi cha kulia, mwishoni mwa safu ya mbele. Mkono ulikuwa ukienda kwa mwendo wake, ukifika pale unachelewa kidogo, halafu unaendelea. Yeye mwenyewe hakujua anasita. Fundi aliona. Mchezo ulipokwisha kwa bao hamna na vicheko, aliomba radhi, akaligeuza bao kwenye mwanga na kupitisha kidole kwenye shimo lile. Lilikuwa na kina pungufu kuliko majirani zake, kiasi ambacho mimi nilipopitisha changu sikukihisi. Kete zilikuwa zikiruka kidogo zikidondoka hapo, na sikio la mchezaji lilikuwa likisikia mlio mfupi kuliko liliouzoea. Alichukua tezo, akalifuata shimo hilo palepale mbele yao, wakacheza tena, na mkono wa mzee ukapita bila kusita.

Wale wazee walisema litafaa, ila wakaongeza kwamba Mwalimu Nyerere alilipenda bao kuliko wote na hakuwahi kuhitaji mteremko. Fundi akawajibu kwamba Mwalimu hakulima kahawa Mbinga.

Mjomba amelipata. Binamu yangu ananiambia analiweka karibu na jiko la mkaa asubuhi, kete zinapata joto, ndipo wenzake wanapokuja. Kete moja imeshapotea, ikaenda na kuku au na mjukuu, na haikuleta shida, kwa sababu ndani ya kifurushi fundi alikuwa ameweka nyingine nne za akiba, zilizopita bati lilelile na kutikiswa kwenye mfuko uleule.

Zile zilizoanguka kwenye tundu dogo, rundo kubwa kuliko yote, hazikutupwa. Nilipoondoka Mbaha zilikuwa zimeshamwagwa upya kwenye mkeka, na fundi alikuwa akitoboa bati jingine lenye matundu membamba zaidi. Ukutani, pale palipokuwa na kiganja cha mjomba, amepachika boksi jipya lenye viganja vidogo kadhaa vilivyochorwa kwa kalamu ya wino. Ni vya wale wajukuu waliotikisa mfuko. Wamedai ujira wao uwe bao lao wenyewe, na mkubwa wao amesisitiza kwamba nyumba iwe na pembe kama ile ya babu wa Mbinga.